Kama Wote Mmeinama, Nani Atamdaka?

Uliniona. Usiseme hukuniona. Ulikuwa umekaa kibarazani unamenya muhogo, mimi nikapita mbele yako nakimbia, kanga nimeikaza kiunoni, ndani nimevaa kaptura ya marehemu baba, jasho linanichuruzika mpaka visiginoni, na nilikuwa nacheka peke yangu kwa raha. Ukauinamia muhogo wako kana kwamba ndiyo kwanza unauona.

Na siku waliponifungia ndani ulisikia. Kati ya kwetu na kwako palikuwa na ua wa makuti tu. Mtu akikohoa kwenu, sisi huku tulimpa pole. Ulisikia nikiupiga mlango kwa ngumi, ukaenda kutwanga. Jirani, ulitwanga kinu kitupu! Kinu chenye mahindi kina sauti yake, na kitupu kina yake, wala mimi si mtoto wa mjini nisizijue. Ulikuwa unapiga mti kwa mti ili usinisikie.

Mimi sisahau. Umefungua kitabu hiki unatafuta mapenzi, na mapenzi yamo, hata mkono wa mwanamume shavuni mwangu utaukuta humu. Lakini safari hii hutainama.

Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili, Palma, katika mtaa wetu wa minazi ulio nyuma ya kambi ya askari wa wakoloni. Nilikuwa siku ya saba ndani. Kila asubuhi Bi Awa, somo yangu, alikuja na jiwe lake na kijiti cha msiro, akakisugua kwa maji mpaka kikatoa uji mweupe, akachanganya na liwa, akanipaka uso mzima.

"Usicheke, utaupasua," alisema. "Ijumaa utang'aa mpaka bwana harusi aombe miwani."

"Somo, nataka kutoka nikanyooshe miguu."

"Miguu ya mwali hainyooshwi. Inakunjwa."

Bwana harusi alikuwa Atumane, mwenye duka la vitambaa Mocímboa. Sikuwa na neno na Atumane. Mtu mpole, ndevu zimechanwa vizuri, hajapata kumpandishia mtu sauti. Neno langu lilikuwa na kule kukaa. Mwali hakimbii, mwali hakwei, mwali anakaa. Akitoka hapo anakaa kwa mumewe. Akitoka hapo anabebwa na jeneza, napo amelala. Siku ya tatu misuli ya mapaja ilianza kurukaruka yenyewe kama samaki ndani ya tenga. Siku ya tano niliota nakimbia, nikaamka nimeupiga ukuta teke.

Kitu kimoja tu kilinifanya nisiwe kichaa. Kila siku alasiri, nje ya ua, zilipita hatua. *Tapu, tapu, tapu.* Hazikuwa nzito wala hazikuwa na haraka. Hatua tatu pumzi inaingia, hatua tatu pumzi inatoka. Nilikuwa nabana shavu langu kwenye ukuta wa udongo, nami navuta na kutoa pamoja nazo, mpaka zinapotelea upande wa mikoko. Alikuwa Lázaro.

Usinitazame hivyo. Ndiyo, Lázaro, Mmakonde wa upande wa Awasse, mtoto wa Wakristo, aliyeletwa Palma kufanya kazi kwenye zahanati, kuosha vidonda na kufunga bandeji. Alikuwa na chale mbili nyembamba kila upande wa paji la uso, na alipocheka chale zile zilipanda juu kidogo, moyo wangu nao ukapanda. Miaka miwili kabla aliugua kifua akalala kitandani miezi tisa. Alipopona, mwuguzi mkuu alimwambia, "Pafu ni kama mvukuto wa mhunzi. Usipoupuliza, ngozi inakauka." Akaanza kukimbia. Kwanza mpaka kisimani, akarudi anatapika. Kisha mpaka mikokoni. Kisha mpaka uwanja wa ndege na kurudi, mara mbili, bila kusimama, na uso wake wakati wa kurudi ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kula sikukuu.

Na kwa kuwa ilikuwa vita, na mtu anayekimbia wakati wa vita hupigwa kwanza halafu ndiyo anaulizwa, mwuguzi yule alimwandikia guia, karatasi yenye muhuri: *por motivos de saúde*. Yaani huyu anakimbia kwa ajili ya afya yake, mwacheni. Askari wa kizuizi cha barabarani waliisoma, wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakampa jina: Kichaa wa Zahanati. Kichaa akapita.

Tulikutana kwenye Majabali ya Popo, nje ya mji, mahali mawe ya matumbawe yanapopanda wima kutoka mchangani, urefu wa minazi miwili. Nilikuwa nimefika nusu, vidole nimevichomeka kwenye ufa, nikasikia sauti chini:

"Dada, umepotelewa na nini huko juu?"

"Sijapotelewa."

"Kuna mayai ya ndege?"

"Hakuna."

"Sasa unakwea kutafuta nini?"

"Na wewe unakimbia kumfuata nani?"

Niligeuza shingo kumtazama, nikamkuta amesimama mikono kiunoni, kifua kinapanda na kushuka, jasho linang'aa shingoni. Akacheka.

"Simfuati mtu. Basi tuko wawili." Akavua sapatilha zake, viatu vyepesi vya turubai, akaziweka juu ya jiwe pamoja kama mtu anayeingia msikitini. "Nifundishe."

Nikamfundisha vidole, naye akanifundisha pumzi. Kukwea nilifundishwa na baba yangu, Ussumane, mkwezi wa minazi, ambaye udogoni mwangu alinibeba mgongoni mpaka kileleni ili tu nione. Lakini mbio nilikuwa nazo bila adabu: natoka kama mshale, nafika kisimani nimekufa. Lázaro ndiye aliyeniambia, "Polepole, Ancha. Mwili kwanza unakataa. Unakuambia rudi, rudi. Usibishane nao. Upe hatua nyingine mia." Nikaupa. Na kweli, baada ya ile mia, kuna mahali mwili unaacha kulalamika, miguu inajiendesha, upepo unakuwa wako, na unahisi unaweza kufika Quiterajo, mbali kule kusini, kabla ya chakula. Ukishapaonja mahali pale hukubali tena kukunjwa.

Tulikimbia tumeachana hatua kumi, mimi mbele, yeye nyuma, mtu asije akasema tuko pamoja. Hakuwahi kunigusa mkono ila jabalini, kunivuta. Lakini nilijua ananitazama. Nami nikifika mikokoni niligeuka taratibu zaidi kuliko ilivyohitajika, ili nipate kumwona akija.

Mtaa ulitupa methali moja tu, asubuhi na jioni: mtu hakimbii miibani bure, kama hafukuzi basi anafukuzwa. Kwamba mtu anaweza kukimbia kwa raha ya kukimbia, akakwea jabali kwa raha ya kufika juu na kushuka mikono mitupu, hilo halikuingia kichwani mwa mtu. Mjomba Sufo, kaka yake mama, alisema nina jini. Wewe ulisema nina hawara. Ndiyo, ulisema, kisimani, mbele ya watu sita. Ninayo majina yao.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Akatamka Ijumaa.

Sasa, ile alasiri ya siku ya saba, hatua zilikuja kama kawaida. *Tapu, tapu, tapu.* Zikafika nyuma ya chumba changu. Zikasimama.

"Ancha."

Nilirukia kwenye dirisha dogo lililozibwa kwa kuti. "Usisimame! Watakuona."

"Nafunga kamba ya kiatu."

"Kamba gani inafungwa muda wote huo?"

"Mguu wangu mrefu." Nikasikia anavyojaribu kucheka na kicheko kinavyokataa. "Sikiliza. Jumamosi nahamishwa. Napelekwa hospitali ya Mocímboa, na msafara wa malori."

"Basi tutakuwa mji mmoja," nikasema. "Nikiungua na chungu cha Atumane, utanifunga bandeji."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Keshokutwa ni Ijumaa, Lázaro."

"Ndiyo nimekuja. Tuondoke. Kesho alfajiri, kabla ya adhana. Nitakusubiri majabalini. Tunakimbia kwa pwani, wewe unaweza, hakuna mwanamke mwingine anayeweza lakini wewe..."

"Sitoroki."

Nilisikia pumzi yake, haikuwa tena tatu kwa tatu.

"Nikitoroka," nikasema, "methali yao itakuwa imeshinda. Watasema, mnaona? Alikuwa anafukuzwa. Kila binti atakayenyoosha miguu Palma hii watamwambia, unataka kuwa kama Ancha aliyetoroka na mwanamume? Pita mlangoni. Mjomba yuko uani na Atumane, wanakunywa kahawa. Piga hodi, useme unachotaka."

"Mjomba wako atanila mzima. Mimi Mmakonde. Mimi Mkristo. Sina hata..."

"Unakimbia mpaka uwanja wa ndege mara mbili bila kupumzika. Kutoka hapo mpaka mlangoni ni hatua ishirini. Zinakushinda?"

Kisha kuti lilisogea, na mkono wake ukapenya dirishani, kiganja wazi, kina mikwaruzo ya matumbawe. Nikauangalia mkono ule. Siku saba nilikuwa sijaguswa ila na vidole vya Bi Awa. Nikauinamia, nikaulaza shavu langu ndani yake. Kiganja chake kilikuwa cha moto na chenye jasho, na nilihisi msiro unapasuka na kuyeyuka kati yetu, na nilihisi mapigo ya kidole chake gumba juu ya mfupa wa shavu langu, na kama kuna mtu amewahi kubembelezwa kuliko vile, aje anisimulie.

"Ishirini," akasema kwa sauti ndogo.

"Labda ishirini na mbili," nikasema. "Kuna kinu njiani."

Mkono ukatoka. Nikakimbilia upande wa pili, kwenye ufa wa mlango.

Uani mjomba Sufo alikuwa ameketi mkekani, amevaa koti lake jeusi juu ya kanzu, lile la mambo makubwa. Atumane alikuwa mkono wake wa kulia. Bi Awa alikuwa anapuliza makaa ya buli la kahawa. Mama yangu, Mwajuma, alikuwa mlangoni mwa jiko, ameupa mgongo mnazi wa baba, ule wa pale uani, kama alivyoupa tangu mwaka wa sitini na tisa.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," akasema mjomba, kabla hajajua anamkaribisha nani. Na kwetu ukishamwambia mtu karibu, huwezi kumnyima mkono. Lázaro akainama, akanyoosha mkono. Mjomba akaupokea, kisha, kama ilivyo adabu yetu, akaupeleka mkono wake kifuani.

Lázaro ni mtu wa bara. Kiganja alikuwa amekifuta kwenye kaptura yake, akadhani kimesafika. Hakujua msiro ukichanganyika na jasho haufutiki vile.

Vidole vitano vyeupe vikakaa juu ya koti jeusi la mjomba wangu, mahali pa moyo, kama vimechorwa.

Bi Awa ndiye aliyeona kwanza. Buli likamponyoka. "Ee Mola wangu! Msiro wangu!"

Mjomba akatazama kifua chake. Akatazama kiganja chake. Akakinusa.

"Msiro huu una liwa," akasema Atumane taratibu, naye akinusa. "Mimi ndiye niliyenunua ile liwa."

"Bi Awa," mjomba akasema, na sauti yake ilikuwa chini sana. "Mtoe."

Komeo likafunguliwa. Nikatoka. Jua lilinipiga machoni baada ya siku saba. Shavu moja jeupe, shavu moja limebaki na alama ya kiganja cha mwanamume. Na ua wako, jirani, ulitikisika. Ulikuwa umeweka jicho. Halafu nikasikia mchi. *Du. Du. Du.* Mti kwa mti.

"Mzee Sufo," Lázaro akasema, "nimekuja kumposa Ancha."

"Mshenga wako yuko wapi?"

"Barabara ya bara imefungwa na vita, mzee. Baba hawezi kuja, wajomba hawawezi kuja. Mshenga wangu ni miguu yangu."

"Miguu!" Mjomba akawageukia wengine. "Mmesikia? Posa imeletwa na miguu. Na dini yako, nayo imeletwa na magoti?"

"Dini tutaizungumza, mzee. Niko tayari kukaa na sheikh nimsikilize mpaka mwisho. Lakini sitakudanganya leo kwamba nimeshaamini ili nipewe mke."

"Angalau si mwongo," akanung'unika Bi Awa.

"Nyamaza, Awa! Kijana, huyu ana mwenyewe, mwenyewe huyu hapa anakunywa kahawa. Na hata asingekuwa naye, nisingempa mtu anayezunguka mji kama kuku aliyekatwa kichwa. Hakimbii mtu miibani bure!"

"Tunakimbia bure, mjomba," nikasema. "Ndiyo utamu wake. Bure kabisa."

"Na majabali? Nayo bure?"

"Nayo bure."

"Baba yako alikwea kwa kazi, na bado kukwea kulimwua. Aliteleza! Unataka mama yako azike wa pili?"

Mama hakugeuka. Niliona bega lake moja limepanda.

"Baba hakuteleza," nikasema.

Hata mchi wako ukasimama kidogo. Neno hilo lilikuwa halijasemwa kwa miaka mitatu. Kwenye maziko yake watu walisema aliteleza. Kwenye hitima yake, aliteleza. Ussumane, aliyekwea minazi arobaini kwa siku tangu ana ndevu tatu, mkwezi aliyeweza kulala usingizi kileleni, aliteleza! Kila mtu alisikia mlio. Kila mtu alikuja baadaye kushika udongo na kusema aliteleza, kwa sababu kambi iko pale, na kwa sababu aliyekufa kwa kuteleza hana wa kuulizwa. Kisha mkaendelea, kosa mkalihamisha kwenye mti. Kukwea ndiko kulikomwua. Basi binti yake asikwee. Binti yake asikimbie. Binti yake akae.

"Aliteleza," mjomba akasema tena.

Nilikwenda jikoni, nikapita ubavuni mwa mama, nikanyoosha mkono juu ya mlango palipotundikwa kitanzi cha baba, kamba ya kuvaa miguuni. Ilikuwa nyeusi kwa moshi, lakini ilikuwa bado hai. Nikafungua kanga, nikabaki na blauzi na kaptura. Nikausogelea mnazi.

Mnazi ule haukuguswa tangu siku ile. Nazi zilidondoka zenyewe, zikaota miche chini, hakuna aliyeziokota. Zile hatua baba alizozichonga kwenye shina zilikuwa bado pale, na ya kwanza ilikuwa kwenye usawa wa goti langu, kwa sababu alizichonga kwa kipimo cha mguu wake. Nikavaa kitanzi. Nikakumbatia.

"Ancha!" Bi Awa akalia. "Mwali! Na msiro usoni!"

"Inamisheni macho!" mjomba akapiga kelele. "Mtu asimtazame! Binti wa watu yuko uchi mtini, inamisheni macho!"

Wakainama. Atumane akainama, Bi Awa akainama, mjomba mwenyewe akainama na kufunika uso kwa mikono yake yenye msiro. Mimi nilikuwa nimeshafika hatua ya kumi. Kusukuma kwa miguu, kuvuta kwa mikono, kusukuma, kuvuta. Siku saba za kukunjwa zilinichoma mapajani kama pilipili. Mwili ukasema rudi, rudi. Sikubishana nao.

"Na wewe!" nikamsikia mjomba, ameachanisha vidole. "Wewe Mmakonde! Huna haya? Nimesema inamisheni macho!"

"Natazama mikono yake, mzee," Lázaro akasema. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Mikono tu. Akiteleza, nani atamdaka kama wote mmeinama?"

Hapo nilipenda. Kabla ya hapo nilitamani, sasa nilipenda. Kidevu chake kilikuwa juu, macho yake yamekaza kwenye vidole vyangu, na midomo yake ilikuwa inahesabu. Nilijua inahesabu nini. Tatu ndani. Tatu nje. Nikavuta pamoja naye.

Nikapita urefu wa paa. Nikapita urefu wa makuti ya chini. Bahari ikafunguka upande mmoja, na upande wa pili nikaona bati la kambi, na juu ya mnara wa magogo askari mmoja amesimama. Akaweka mkono juu ya macho. Ananitazama.

Chini mjomba naye alikuwa ameshainua kichwa, akaona ninakotazama.

"Ancha! Shuka, mwanangu! Shuka, watakupiga risasi kama baba yako!"

Risasi. Ameitamka. Kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, mchana mweupe.

Mama akageuka.

Nilimwona kutoka juu, mdogo kama mdoli. Akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu sitini na tisa aliutazama mnazi ule kutoka mzizi mpaka kilele, na huko juu nilikuwa mimi. Hakupiga kelele. Alitembea mpaka chini ya mti, akavua kanga ya mabegani, akaitandaza hewani.

"Shika huku, kijana," akamwambia Lázaro. "Vuta. Ivute ikaze."

Lázaro akashika pembe yake.

"Dada Mwajuma," mjomba akasema, "kanga haiwezi kumdaka mtu."

"Najua. Miaka mitatu iliyopita hata kanga hakutandaziwa." Akavuta pumzi. "Ijumaa hapana ndoa, Sufo. Umesikia? Akishuka mzima, atasema mwenyewe anachotaka, na mimi nitakaa nimsikilize mpaka amalize."

"Dada, neno langu..."

"Neno lako umelitoa sasa hivi. Umechelewa miaka mitatu."

Nikagusa kilele. Sikuangusha dafu hata moja. Nilikaa kwenye pacha la makuti, mahali alipozoea kukaa baba, nikageuza uso wangu wenye msiro uliopasuka kuelekea mnarani, nikamtazama askari yule. Mikono yangu ilikuwa mitupu na wazi. Alinitazama muda mrefu. Nami sikuinama. Mwisho akashusha mkono, akatema mate, akageukia bahari. Labda alichoka. Labda aliona kichaa mwingine wa afya. Sijui, wala simshukuru.

Nikaanza kushuka. Na kushuka ndiyo kubaya, mtu yeyote anayekwea atakuambia: mguu hauoni. Katikati ya mti paja langu la kushoto likakakamaa, likawa jiwe. Nikaning'inia. Chini kanga ilikuwa imekazwa pembe mbili tu, upande wa pili unaburura vumbini.

Nikaona Atumane anainua kichwa. Akavua kofia yake, akaiweka mkekani. Akaja akashika pembe ya tatu.

"Hii ilikuwa wazi," akasema, kwa ule upole wake. Hakumtazama Lázaro, wala Lázaro hakumtazama. Walivuta.

Pembe ya nne ilikuwa upande wa ua wako.

Mama akaita. Hukuwa na haja ya kutega sikio; palikuwa na makuti tu. "Jirani! Jirani, njoo ushike! Mtoto anaanguka!"

*Du*, kikajibu kinu chako. *Du. Du.*

Sikuanguka. Lázaro alihesabu kwa sauti, tatu, na tatu, mpaka paja likaniachia, nikashuka kwa miguu yangu mwenyewe, nikakanyaga katikati ya ile kanga ya mama, na wa kwanza kunishika alikuwa mama mwenyewe. Wa pili unamjua. Hayo ni yetu.

Lakini pembe ile ya nne ilibaki vumbini. Na sasa hivi unaposoma, nyuma ya ua ulio karibu nawe kuna binti anapiga mlango kwa ngumi kwa sababu alikimbia, akacheka. Unamsikia. Umeshaanza kugeuza ukurasa ili usimsikie.

Weka mchi chini. Kinu chako hakina kitu ndani. Inuka, vuka ua, kafungue komeo. Usingoje Ijumaa. Njoo ushike pembe yako, uvute!